Miguu Nyuma ya Pikapu ya Bwana Hamadi

Wengi wanaosimulia mambo kama haya huanza kwa kusema waliyasikia kwa fulani, naye fulani aliyasikia kwa mjomba wake. Mimi sikusikia kwa mtu. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono hii miwili. Sikuwa nimeonja pombe tangu Krismasi, sikuwa na homa, na nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye macho ya kuona sindano iliyoanguka mchangani. Ukitaka kubisha, bisha, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho. Katika kisa hiki kuna mambo niliyoyafanya vibaya, nami nitayataja yote, hata lile ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikiliruka kila ninaposimulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa dereva wa Bwana Hamadi, mfanyabiashara wa mjini Kisii. Baba yake alikuwa ametoka pwani na mama yake alikuwa Mnubi, na yeye mwenyewe alizungumza Kikisii vizuri kuliko Wakisii wengine ninaowajua. Dukani aliuza vitambaa na chumvi. Milimani alinunua wimbi na ndizi. Alikuwa na pikapu moja ya kijani, na pikapu hiyo ilikuwa mikononi mwangu.

Madereva wa siku zile walijifunza gari kwa masikio. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari, kwa hiyo nilisoma kitabu cha gari, Kiingereza chake chote, ukurasa kwa ukurasa. Nilijua kila waya unakoanzia na unakoishia. Sijigambi. Nakueleza tu kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Magari mengi ya mizigo wakati huo hayakuwa na taa ya rivasi, ile ya kumulika unaporudi nyuma. Letu lilikuwa nayo, moja tu, upande wa kulia. Bwana Hamadi alikuwa ameifungisha kwa fundi wa Kihindi aliyeitwa na mji mzima Mistri, kwa sababu barabara za kule Manga zilikuwa nyembamba kama mshipi. Ukishaingia huna pa kugeuzia. Unatoka kinyumenyume, na upande mmoja wako kuna ukuta wa udongo, upande wa pili kuna hewa.

Wiki moja ya mvua taa hiyo ikaacha kuwaka.

Nikaifuatilia kama kitabu kilivyoagiza. Nilianza na balbu. Niliichomoa, nikaigusisha na betri, ikang'aa. Balbu nzima. Nikaenda kwenye fyuzi, nzima. Nikafuata waya wa arthi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, nikakuta kutu. Nikaisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Nikarudisha balbu, nikatia gia ya kurudi nyuma, taa ikawaka. Nikatabasamu peke yangu. Nikaitoa gia, nikaitia tena. Giza.

Hapo nikajua. Kwenye giaboksi kuna swichi ndogo yenye kitufe. Ukitia gia ya kurudi nyuma, kitufe kinabonyezwa na umeme unapita. Kitufe chetu kilikuwa kimekwama kwa grisi na vumbi. Mara kinaingia, mara hakiingii. Dawa yake ni kuifungua swichi, kuisafisha kwa mafuta ya taa, kuirudisha. Kazi ya robo saa kwa mtu mwenye spana yake. Lakini spana ya ukubwa ule alikuwa nayo Mistri peke yake, na Mistri alikuwa amesafiri arusini, arudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Na mimi Jumamosi hiyo nililitaka gari.

Mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Kemunto, alikuwa mgonjwa kule Manga. Kifua kilikuwa kimembana kwa siku ya tano na alikuwa akitema makohozi yenye rangi ya kutu. Kemunto alikuwa mjini na mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Asubuhi alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Nenda ukaniletee mama. Nakuomba. Usirudi bila yeye."

Nikamwambia atamwona kabla ya usiku. Niliahidi hivyo, kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua kazi yake.

Nikaenda kwa Bwana Hamadi. Alikubali niende, mradi nirudi na ndizi.

"Na ile taa ya nyuma umeitengeneza?" akaniuliza. "Kule si kwa kuchezea, kijana."

"Inawaka, Bwana."

"Inawaka, au iliwaka?"

"Inawaka," nikasema, nikimtazama machoni.

Huo ndio uongo wa kwanza. Kabla ya kuondoka niliichomoa balbu, nikaifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa shati. Niliona hakuna haja ya kuiacha ipasuke bure kwa mitikisiko ilhali swichi imekufa. Balbu zilikuwa adimu. Ukiniuliza, wazo lenyewe halikuwa baya.

Nilifika kwa wakwe saa tisa. Ndugu yake Kemunto, Nyakundi, akanipokea kwa maneno yake ya siku zote.

"Shemeji, hili gari lako likichoka huwa mnalilisha uji au majani?"

"Hupewa shemeji wa kulisukuma," nikamjibu. Watu wakacheka. Nilipenda kuchekewa namna ile, mguu mmoja juu ya bampa.

Tulipakia ndizi za Bwana Hamadi haraka, maana mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Kisha wakamtoa mama nyumbani, akiwa amejifunika shuka yake ya rangi ya kahawa yenye mstari mweupe. Na hapa, kama wewe si wa kwetu, inabidi nikueleze jambo.

Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Mimi na mama mkwe wangu hatushikani mikono. Simtazami usoni, naye hanitazami. Hatukai kiti kimoja. Tukiwa na la kuambiana, tunamwambia mtu wa tatu, hata kama tumesimama hatua tatu mmoja kutoka kwa mwingine. Si chuki. Ni heshima kubwa kupita zote, na nilikuwa nimemwoa Kemunto miaka minne bila kuujua vizuri uso wa mama yake. Nilimjua kwa shuka yake, kwa sauti yake, na kwa miguu yake, kwa sababu mtu anayeinamisha macho huona miguu.

Sasa gari lina kebini yenye kiti kimoja kirefu. Mgonjwa akae wapi?

Mama mwenyewe ndiye aliyesema, kwa kukohoa katikati ya maneno: "Nyakundi, mwambie mkwe wangu nitapanda nyuma. Ugonjwa haujaninyang'anya haya."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema, "Hayo ndiyo maneno."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma shuleni kifua cha namna ile ni nini na baridi inakifanya nini. Nilipaswa kusema, "Hapana, akae mbele." Lakini walikuwa wakisema nyuma yangu kwamba kusoma kumenitoa haya, na ile siku nilitaka waone kwamba sivyo. Basi nikanyamaza. Tukatandika majani ya migomba nyuma, juu yake godoro, mama akalazwa, Nyakundi akakaa kichwani pake akiwa ameshika turubai. Hapakuwa na nafasi ya kufanya vingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Tuliondoka saa kumi na moja kasorobo. Mvua ikatukuta kabla hatujafika mbali. Si mvua ya manyunyu, ile mvua ya milimani inayoshuka kama watu wanaomwaga ndoo. Ukungu ukafuata. Saa kumi na mbili na nusu taa za mbele zilikuwa zinaangaza ukuta mweupe tu. Nikawa naenda mwendo wa ng'ombe.

Kwenye ile sehemu ambako barabara inaning'inia ubavuni mwa mlima, nikakanyaga breki. Mbele yangu hapakuwa na barabara. Ukingo wa juu ulikuwa umeporomoka na kushuka na migomba yake mizima, ukalala njiani umefika kiuno cha mtu. Hata punda asingepita.

Nyuma yetu, karibu nusu maili kupanda, kulikuwa na njia panda penye uwanja mdogo, na kutoka pale njia ya kuzunguka kwa chini. Lazima nirudi huko kinyumenyume. Nusu maili, utelezi, ukungu, upande wa kushoto kwangu shimo ambalo mchana ukilichungulia unaona paa za nyumba kama sahani.

Wewe ungefanyaje?

"Nyakundi!" nikaita. "Shuka unielekeze."

"Nikiachia turubai upepo unalichukua!" akajibu. "Mama ataloa! Taa yako ya nyuma si ipo?"

"Inasumbua kidogo. Naitengeneza sasa hivi."

Sikuogopa, nakwambia kweli. Nilijua la kufanya. Swichi ikifa, unaiacha. Unachukua nyaya zake mbili unaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, umeme unapita bila swichi. Nikajilaza kwenye matope chini ya gari, nikazitafuta nyaya kwa vidole, nikazikwangua kwa kisu, nikazisokota pamoja.

"Imewaka?"

"Haijawaka!"

Nikazifungua, nikazikwangua tena. "Sasa?"

"Hakuna kitu, shemeji!"

Nikaufuata waya kwa mkono kutoka giaboksi mpaka nyuma, hatua kwa hatua, nikitafuta palipokatika. Nikasugua arthi upya. Nikarudi kwenye fyuzi, nikaitoa, nikaitemea mate, nikaifuta kwa kola, nikairudisha. Juu yangu nilimsikia mama akikohoa, na Nyakundi akimwambia maneno ya kumtuliza, na maji yakitiririka kutoka kwenye turubai. Nilikaa chini ya gari lile karibu saa nzima. Kila nilichokigusa kilikuwa sawa. Kila kitu sawa, na taa haiwaki.

"Shemeji," Nyakundi akaita, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Mama anatetemeka. Fanya lolote."

Nikatoka kule chini nimekuwa tope lenye macho. Nikaingia kebini. Nikaamua kurudi hivyohivyo, kwa kubahatisha, nikiwa nimetoa kichwa dirishani. Nikawasha injini, nikatia gia ya kurudi nyuma, nikageuza kichwa.

Taa iliwaka.

Niamini. Nilipotazama kwenye kioo barabara nyuma yetu ilikuwa nyeupe. Niliona mawe, niliona nyasi za ukingo, niliona matone ya mvua yakishuka ndani ya ule mwanga kama nyuzi. Haukuwa mwanga wa manjano kama wa balbu yetu, ulikuwa mweupe kabisa, lakini nani ana muda wa kuchagua rangi ya mwanga saa kama ile? Nikasema kwa sauti, "Nilijua!" Nikaona ule msokoto wangu wa nyaya umekubali. Nikaachia klachi polepole.

Tulipokwenda kama urefu wa nyumba mbili, nikaona mtu ndani ya mwanga.

Alikuwa amesimama nyuma ya gari, kama hatua sita hivi, ananielekea. Amejifunika shuka ya rangi ya kahawa yenye mstari mweupe. Mkono mmoja ulikuwa nje ya shuka, ukiniita, kama unavyomwita mtoto anayejifunza kutembea. Njoo. Njoo.

Moyo ulinipasuka kwa hasira. Nilidhani Nyakundi amemshusha mgonjwa kwenye mvua aje kutuelekeza. Lakini angalia nilivyokuwa: hata hasira ile haikunifanya niinue macho. Niliona shuka, nikayateremsha papo hapo, kama nilivyolelewa. Na hupigi kelele kumwita mama mkwe. Kwa hiyo nilibaki na miguu.

Nilirudi nyuma nusu maili nzima nikiitazama miguu.

Ilikuwa peku. Ilikuwa inatembea kinyumenyume mlimani, haiyumbi, haitelezi, hatua moja na nyingine. Pale ilipokwenda kulia, nilipeleka gari kulia. Mahali pamoja ikasimama ghafla na mimi nikasimama, nikasikia udongo ukimong'onyoka upande wa gurudumu la kushoto na mawe yakienda chini, na sikusikia yalipofika. Miguu ikangoja. Kisha ikasogea pembeni kidogo, nami nikasogea. Ndipo nikagundua kitu ambacho kimenifanya mpaka leo nisipende kutembea nikitazama chini. Barabara ilikuwa tope mpaka kwenye ekseli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepakwa tope mpaka masikioni. Ile miguu ilikuwa safi. Nyayo zake zikinyanyuka hazikuwa na hata chembe.

Utaniuliza kwa nini sikusimama. Nisimame wapi? Nyuma yangu palikuwa na yule, mbele palikuwa na maporomoko, na kushoto palikuwa na hewa. Nikaendelea. Niliendesha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Tukafika njia panda, gari likatua kwenye uwanja. Nilipolisimamisha, nyuma pakawa giza. Sikuzima kitu.

Nikashuka nikimwendea Nyakundi na ngumi karibu.

"Wewe ni mtu wa aina gani? Unamwacha mama atembee kwenye mvua hii?"

"Mama yupi?" Alikuwa amekaa palepale, turubai limefungwa kwenye kiganja chake. "Mama kichwa chake kiko mapajani kwangu tangu nyumbani. Mguse umwone." Kisha akakumbuka siruhusiwi kumgusa.

"Basi ni nani aliyekuwa kwenye taa?"

"Taa ipi, shemeji? Nilikuwa nachungulia nyuma wakati wote nikisubiri kufa. Giza tupu. Nilidhani umepata wazimu, na nikasema heri wazimu kuliko kukaa pale."

Nikaenda nyuma ya gari. Nikapapasa kioo cha taa ya rivasi. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Taa iliyotoka kuwaka muda huo huo haiwi baridi. Nikainama kukichunguza, na nilipoinama kitu kikanigonga kifuani, ndani ya mfuko wa shati.

Ilikuwa balbu. Imefungwa kwenye leso, kama nilivyoiweka asubuhi.

Nielewe vizuri hapo. Saa nzima nilikuwa chini ya gari nikizikwangua nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nilipozisokota mara ya kwanza tu, kazi ilikuwa imekwisha. Ningeitia balbu mahali pake, taa ingewaka, tungekuwa tumeondoka pale dakika ya tano. Mama aliloweshwa saa nzima na dawa ilikuwa mfukoni mwangu, mimi niliyesoma kitabu chote. Na ile nusu maili tulirudi na tundu tupu mahali pa taa.

Nikiwa bado nimeishika balbu mkononi, nikasikia sauti kutoka chini ya turubai. Haikumwita Nyakundi. Iliniita mimi, moja kwa moja, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Mwanangu," mama akasema, "miguu imenichoka."

Wewe unajua ningejibu nini leo. Ningelia. Ningempokea mikononi, nimbebe mpaka mbele, nimkalishe, watu waseme watakavyo. Nilichofanya ni hiki: niliinamisha macho, nikamwambia Nyakundi, "Mwambie tunakaribia."

Nyakundi akamwambia. Akaishika miguu yake kuisugua, akasema imekuwa barafu. Nikarudi kebini, nikaendesha, tukafika hospitali ya Kisii saa nne kasorobo. Mhudumu aliyempokea aliishika shuka yake ikachuruzika maji sakafuni, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kemunto alikuja usiku uleule na mtoto mgongoni. Alimkuta mama yake hai, hilo nilitimiza. Alikaa naye Jumapili nzima. Jumatatu alfajiri mama akafariki.

Asubuhi hiyohiyo Mistri alirudi, akaifungua swichi kwa spana yake, akaiosha kwa mafuta ya taa, akairudisha. Robo saa. Taa ikawaka, nayo haikusumbua tena mpaka gari lilipouzwa. Nilimweleza Bwana Hamadi kila kitu, pamoja na uongo wangu. Akasema, "Ungesema haiwaki, ningekukataza kwenda? Ningekupa kandili na mtu wa kushuka kukumulikia nyuma, basi." Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

Ile miguu ilikuwa ya nani? Watu wa Manga walipolisikia jambo hili walikuwa na majibu mengi. Wengine walisema ni roho ya mama mwenyewe iliyotangulia kumwokoa mwanawe Nyakundi. Wengine walisema ni bibi yao wa zamani aliyepotelea ubavuni mwa mlima ule. Mmoja alisema ni mchawi aliyetaka kututumbukiza akabadili nia. Wote waliniuliza swali moja: uso wake ulikuwaje? Na mimi, peke yangu kati ya watu wote wa dunia niliyekuwa na nafasi ya kuuona, siwezi kujibu. Sikuinua macho.

Sasa ile sehemu ninayoiruka.

Baada ya maziko, mjomba wa marehemu, mzee sana, aliniita kando. Hakuwa na hasira. Akasema, "Chinsoni ina njia zake, kijana. Mngemkalisha Nyakundi katikati, mama upande wake wa dirishani, mtundike shuka. Hakuna ambaye angesema neno. Wazee wa zamani walisafiri na wakwe zao kwa mtumbwi mmoja, unadhani walifanyaje?"

Jioni Kemunto akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, anamfunga mtoto.

"Kwenye kile kiti cha mbele wanaenea watu wangapi?"

"Watatu."

"Wewe ulikuwa mmoja. Nyakundi na mama wawili. Chinsoni naijua, sikuulizi chinsoni. Nakuuliza, zile nafasi zao mbili zilikuwa na nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimezoea. Lakini nilimwambia.

"Ndizi."

"Ndizi?"

"Mikungu miwili ya ndizi mbivu. Za kupelekwa nyumbani kwa Bwana Hamadi. Niliziweka mbele zisipondeke."

Hakulia, hakunitukana. Alimaliza kufunga kamba za mtoto, akatoka nje. Tuliishi pamoja miaka arobaini na mitatu baada ya hapo, akanizalia watoto wengine watano, akanitunza nilipougua. Nilikuja kununua gari langu mwenyewe, lenye viti vizuri. Lakini Kemunto hakupanda mbele tena kwenye gari ninaloliendesha mimi. Mvua inyeshe, jua liwake, kiti kiwe kitupu, alizunguka akapanda nyuma, akajifunika shuka yake. Watoto walimwuliza kwa nini. Aliwajibu, "Huku ndiko kwa watu." Hata siku niliyompeleka hospitali mara ya mwisho nilimfungulia mlango wa mbele, nikamsihi, akanipita.

Nimeendesha zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipotia gia ya kurudi nyuma usiku nilitazama kwenye mwanga nikiwa nimeinua macho kabisa, tayari kumtazama usoni yeyote atakayesimama hapo. Hajasimama mtu.

Basi nakuonya, wewe uliye na gari na haraka zako. Ukiulizwa kama taa inawaka, sema ukweli, hata kama ukweli utakuweka nyumbani mpaka Jumatatu. Ukipita ubavu ule wa Manga kwenye ukungu na mtu akakuongoza, mfuate, lakini mtazame uso wake na umshukuru kwa jina. Na ukienda kumchukua mgonjwa, atakuambia nyuma kunatosha. Watu wenye heshima husema hivyo. Usimjibu haraka. Fungua mlango wa mbele kwanza, uone umeweka nini kwenye kiti.